Ganzi ya miguu kwenye mashine za kadio: tafuta inapoanzia kabla hujanunua raba mpya

Dakika ya kumi na mbili kwenye eliptikali, ile mashine yenye pedali mbili ndefu na mikono ya kuvuta na kusukuma. Jasho limeshatoka, pumzi imetulia, halafu vidole vya mguu wa kulia vinaanza: kwanza joto, kisha sindano sindano, kisha unahisi kama unakanyagia mguu wa mtu mwingine. Unashuka, unatembea mpaka kwenye maji ya kunywa, na ukifika pale ganzi imeshayeyuka.

Watu wengi jimu wanapata hali hii, na mara nyingi si ugonjwa. Ni mishipa ya fahamu, yaani neva, iliyobanwa kati ya mfupa, kiatu na pedali. Lakini zipo ganzi nyingine zinazojitokeza kwenye mashine ile ile huku chanzo chake kikiwa kiunoni, ugokoni au kwenye sukari ya damu. Unazitofautisha kwa mambo mawili yasiyohitaji kifaa: ganzi inaanzia sehemu gani hasa, na inaanza dakika ya ngapi. Anayekimbilia kununua raba mpya kabla ya kujua hayo mawili anacheza bahati nasibu.

Kwa nini njiani hapana, kwenye mashine ndiyo

Ukitembea barabarani, kila hatua unyayo unabanwa kisha unaachiwa. Mguu ukiwa hewani, hata kwa nusu sekunde, mgandamizo unaisha na damu inapita. Eliptikali inakunyima nafasi hiyo. Unyayo haubanduki kwenye pedali tangu unapanda mpaka unashuka, na uzito unakaa palepale, kwa kawaida sehemu ya mbele ya unyayo ambako vidole vinaanzia. Katikati ya mifupa ya hapo ndimo zinamopita neva nyembamba za vidole.

Ongeza joto. Mguu ukifanya kazi huvimba kidogo, kiatu hakivimbi nao. Raba iliyokaa vizuri dakika ya kwanza inakuwa imebana dakika ya kumi, na ndiyo maana ganzi haiji mwanzoni.

Kwenye tredimili, ile mashine ya kutembea au kukimbia juu ya mkanda unaozunguka, mguu unanyanyuka, sawa, lakini mkanda wake hauna kokoto, shimo wala mteremko wa pembeni. Unakanyaga hatua ile ile, kwa pembe ile ile, mara maelfu. Baiskeli ya mazoezi inaweka nguvu zote kwenye eneo dogo la pedali, kisha inaongeza siti chini ya makalio. Mashine ya makasia inakufunga miguu kwa mikanda na kukukalisha juu ya kiti kigumu.

Kwanza, wasiofaa kuendelea na mwongozo huu

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usijaribu kamba za viatu, iwapo ganzi imekuja na mojawapo ya haya: ganzi ya sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja pamoja na shida ya kukojoa au kuzuia haja, mguu kushindwa kunyanyua vidole, hadi kiatu kinaburuza, mguu mmoja kuwa baridi na kupauka ghafla, au ganzi ya upande mmoja wa mwili ikiambatana na mdomo kwenda upande au maneno kushindwa kutoka. Hayo hayasubiri Jumatatu.

Hatua ya 1: Tafuta anwani ya ganzi

Mazoezi yanayofuata, fanya kama kawaida yako, usibadilishe chochote. Andika kwenye simu mambo manne: dakika iliyoanza, mguu gani au yote miwili, sehemu ilipoanzia, na ilichukua muda gani kuondoka baada ya kushuka.

Kwenye sehemu usiandike "mguu wote". Simamisha mashine, kaa, vua kiatu na soksi, kisha pitisha ncha ya kalamu taratibu: juu ya mguu, chini ya unyayo, katikati ya kila vidole viwili, pembeni mwa ugoko. Mahali ambapo kalamu inahisi kama inapita juu ya kitambaa, hapo ndipo anwani. Ramani yenyewe iko hivi:

Vidole kadhaa na sehemu ya mbele ya unyayo, miguu yote miwili: mgandamizo wa kawaida wa eliptikali au mashine ya ngazi. Wengi wako hapa.

Kati ya kidole cha tatu na cha nne, mguu mmoja, na unahisi kama kuna kijiwe ndani ya kiatu ilhali hakuna: huenda neva ya hapo imenenepa kwa kubanwa muda mrefu. Madaktari wanaiita neuroma ya Morton. Shika mguu kwa pembeni zote mbili na uukamue kama unavyokamua limao. Maumivu yakiruka kwenye vidole hivyo viwili, dalili inaongezeka uzito. Wanawake waliovaa viatu vyembamba vya kisigino kirefu miaka mingi wanaipata zaidi.

Juu ya mguu, au kati ya dole gumba na kidole cha pili: angalia kamba za viatu kabla ya kitu kingine chochote. Neva ya hapo inapita juu ya mifupa bila nyama ya kuilinda, chini kabisa ya fundo lako.

Chini ya unyayo hadi kisiginoni, ikianzia ndani ya kifundo: neva inabanwa kwenye njia yake nyuma ya lile nundu la ndani la kifundo. Gonga hapo kwa kidole mara kadhaa. Ikipiga shoti mpaka unyayoni, ni yenyewe. Miguu bapa inayolalia ndani huichokoza.

Nje ya ugoko na juu ya mguu: chini kidogo ya goti, upande wa nje, kuna kichwa cha mfupa unachoweza kukishika kwa vidole. Neva inazunguka shingo ya mfupa huo ikiwa karibu kabisa na ngozi. Soksi ndefu za kubana zinazoishia hapo, bendeji ya goti, kukaa umekunja nne ofisini au kuchutama muda mrefu, vyote vinaibana kabla hata hujafika jimu. Waliopungua uzito haraka wako hatarini zaidi, kwa kuwa mafuta yaliyokuwa yanaikinga yameondoka.

Nje ya paja, pana kama kiganja, bila kushuka chini ya goti: usihangaike na viatu. Fungua mkanda. Ile mikanda ya kubana tumbo inayovaliwa jimu ili "kiuno kiingie" inabana neva ya ngozi ya paja pale inapopita kwenye kinena, karibu na mfupa wa nyonga. Haipunguzi mafuta ya tumbo, inatoa jasho tu na ganzi juu yake. Ivue kwa wiki mbili uone.

Kuanzia kiunoni au tako, ikishuka nyuma ya paja hadi mguuni: chanzo ni mgongo mpaka ithibitike vinginevyo.

Nyayo zote mbili kama umevaa soksi, na hali hiyo ipo hata ukiwa kitandani: mashine haikuleta tatizo, imelifichua tu. Ruka mpaka sehemu ya mwisho.

Ikiwa vidole vya mikono na midomo navyo vinachonyota, unapumua haraka mno na kutoa hewa ya kaboni kupita kiasi. Punguza kasi, vuta pumzi puani, itoe polepole. Vidole vya mikono peke yake kwenye eliptikali mara nyingi ni kushikilia vile vishikio kama mtu anayeshika mlango wa daladala.

Hatua ya 2: Funga kamba upya

Hapa ndipo mabadiliko makubwa yanapatikana bila kutoa hata shilingi, kwa hiyo fanya taratibu.

Legeza kamba zote mpaka matundu ya mwisho kabisa karibu na vidole. Watu wengi wana tabia ya kuingiza mguu kwenye kiatu kilichofungwa tangu mwezi uliopita. Kamba za juu zinalegea, za chini zimebaki zimekaza vilevile. Ingiza mguu, kisha gonga kisigino sakafuni mara mbili ili kikae nyuma kabisa ya kiatu. Vuta ulimi wa kiatu juu na uuweke katikati. Ulimi uliohama pembeni unaacha ukingo wake ukate juu ya mguu, na huo peke yake unatosha kuleta ganzi.

Sasa kaza kwa ngazi tatu. Matundu mawili ya kwanza, karibu na vidole: legevu, kamba iguse tu. Ya katikati: ya kushika, si ya kubana. Mawili ya juu, karibu na kifundo: hapo kaza, kwa kuwa ndipo kisigino kinaposhikwa kisiteleze. Simama. Kidole cha shahada kiweze kupita chini ya kamba za katikati bila kulazimisha, na vidole vyote vitano vya mguu viweze kunyanyuka na kutanuka ndani ya kiatu.

Kama anwani yako ni juu ya mguu, tengeneza dirisha. Tafuta kwa kidole mahali panapouma, hesabu matundu yaliyo pande zake. Tuseme ni kati ya tundu la tatu na la nne. Kamba ikitoka tundu la tatu, usiivushe upande wa pili. Ipandishe moja kwa moja mpaka tundu la nne la upande ule ule, pande zote mbili, kisha endelea kukatisha kama kawaida kuanzia hapo. Utaona nafasi ya mraba isiyo na kamba juu ya neva. Kwa anayeumia kwenye mizizi ya vidole, acha matundu ya kwanza kabisa wazi, anzia kamba kwenye la pili.

Funga fundo mara mbili. Kamba legevu inayoning'inia karibu na mkanda wa tredimili ni ajali inayosubiri.

Hatua ya 3: Kagua kiatu ulichonacho

Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake peku na uzito wote. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya kingo za soli, hasa upande wa kidole kidogo, kiatu ni chembamba, hata kama urefu wake ni sawa. Halafu angalia mbele: kati ya kidole kirefu kuliko vyote na ukingo kuwe na upana wa kidole gumba cha mkono. Kidole kirefu si lazima kiwe dole gumba. Kwa baadhi ya watu ni cha pili.

Fanya kipimo hiki jioni, au baada ya mazoezi, mguu ukiwa umevimba. Kiatu kilichopimwa saa mbili asubuhi kinakudanganya.

Kosa linalorudiwa kila siku: mtu anapata ganzi, ananunua soli laini ya jeli, anaiweka juu ya ile iliyokuwemo. Kiatu kinapungua kina, mguu unapanda na kugandamizwa kwenye kamba, ganzi inaongezeka, na jeli inalaumiwa. Soli mpya inaingia baada ya ya zamani kutolewa, si juu yake. Vivyo hivyo soksi nene: kwenye kiatu kilichobana, soksi nyembamba isiyo na mshono mnene vidoleni ni bora.

Wanaonunua raba za mitumba, iwe Karume au Gikomba, wana mambo matatu ya kuangalia. Weka kiatu juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikilala ndani au nje, kitakulaza na wewe. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama mbao, povu lake limekufa na pedali utaihisi mfupani. Mwisho tazama soli ya ndani: alama za vidole vya mwenye kiatu wa kwanza zimeshachimba mashimo ambayo si ya miguu yako. Hiyo ya mwisho inarekebishika kwa kuweka soli mpya. Mbili za kwanza hazirekebishiki, muachie muuzaji.

Kwa eliptikali, baiskeli na ngazi, soli iliyo ngumu kiasi inafaa kuliko ile laini sana, kwa kuwa inatandaza uzito. Raba laini za kukimbia mbali hupindika juu ya ukingo wa pedali na kuuacha ukingo huo uchome unyayo. Sehemu ya vidole iwe pana. Jina la kampuni halina kazi hapa.

Hatua ya 4: Rekebisha mkao kwenye mashine yako

*Eliptikali.* Pedali ni ndefu kuliko kiatu, na watu wengi husogea mbele mpaka vidole vigonge ukingo. Rudisha mguu nyuma kidogo, kisigino kikae juu ya pedali. Kwenye mashine nyingi pedali ziko mbali mbali kuliko upana wa nyonga zako, hivyo uzito unaangukia ukingo mmoja wa unyayo; sogeza miguu iguse kingo za ndani za pedali ili ikaribiane. Vidole vielekee mbele.

Kisha kisigino. Ukiwa umechoka, mwili unalalia mbele kwenye vishikio na kisigino kinanyanyuka, na hapo uzito wote unahamia kwenye zile neva za vidole. Simama wima, legeza mikono, sukuma kwa kisigino na unyayo mzima. Ugumu wa mashine ukiwa mkubwa na mwendo wa polepole, kila hatua ni kama kupanda ngazi na gunia. Punguza ugumu viwango viwili, ongeza idadi ya hatua kwa dakika, mapigo ya moyo yatabaki palepale. Mwinuko nao ushushe wakati wa majaribio.

Kila dakika 5, piga sekunde 30 kurudi nyuma. Ukirudi nyuma uzito unahamia kisiginoni wenyewe. Katika sekunde hizo kunja na kunjua vidole ndani ya kiatu mara kumi. Inaonekana kitu kidogo, ila kwa wenye ganzi ya kawaida hii na kamba vinatosha kabisa.

*Tredimili.* Angalia kasi. Kutembea kwa kilomita 7 kwa saa kunaufanyisha msuli wa ugokoni kazi kubwa kuliko kukimbia taratibu kwa kasi hiyo hiyo, kwa kuwa msuli huo ndio unaonyanyua vidole kila hatua na kuushusha mguu usipige kofi. Anayelazimisha kutembea katika kasi ambayo mwili unataka kukimbia anaujaza ugoko damu mpaka unakuwa kama mti. Ama shuka mpaka kilomita 5.5, ama kimbia. Mwinuko uwe kati ya 0 na 2 kwa asilimia ukiwa unatafuta chanzo.

*Baiskeli.* Siti kwanza. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: goti liwe limenyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, kiasi cha nyuzi 25 hadi 35. Siti ndefu mno inakufanya uyumbe nyonga na kuchomeka vidole chini. Fupi mno inajaza magoti na mapaja. Pua ya siti iwe sambamba na sakafu. Mikanda ya pedali ishike tu, isikaze. Wenye viatu vya kubana kwenye pedali wasogeze kile kibati cha chini kuelekea kisigino milimita 3 hivi, na kukaza skrubu sawasawa.

Ugumu mdogo mno kwenye baiskeli una hila yake: miguu haina cha kusukuma, uzito wote unakaa kwenye siti, na ganzi inahamia sehemu za siri. Ongeza ugumu kidogo, na kila dakika 5 hadi 10 simama juu ya pedali kwa sekunde 20 hadi 30. Ganzi hiyo ikiondoka mara baada ya kushuka, tatizo ni siti. Isipoondoka, rudi juu kwenye orodha ya hospitali.

*Makasia.* Mkanda upite juu ya mizizi ya vidole, si juu ya katikati ya mguu, na usikazwe. Kisigino kunyanyuka unapokaribia mbele si kosa. Ganzi ya nyuma ya mapaja inatokana na kiti: weka kitambaa kilichokunjwa au povu jembamba, na simama kila baada ya dakika 10 hadi 15.

*Ngazi.* Kanyaga kwa unyayo mzima. Kisigino kikining'inia nje, sehemu ya mbele inabeba mwili wote peke yake.

Hatua ya 5: Ganzi ikianza katikati ya zoezi

Usijikaze mpaka dakika ziishe. Mguu wenye ganzi haujui umekanyaga wapi, na kwenye tredimili huko ndiko kuanguka. Shika kishikio, punguza kasi, acha mkanda usimame wenyewe. Ile kamba nyekundu ya usalama ibanwe kwenye nguo, haikuwekwa pale kwa mapambo. Kwenye eliptikali subiri pedali zitulie kabisa, shuka kwa mguu ulio chini. Ukishuka zikiwa zinatembea, pedali ya pili inapanda na kukupiga ugokoni.

Legeza kamba, tembea dakika 2, tikisa vidole. Ikiondoka ndani ya dakika 5, rudi ukiwa na kamba legevu zaidi. Ikirudi tena mara ya pili, badili mashine siku hiyo. Ikikaa zaidi ya nusu saa, usiilaumu raba peke yake.

Hatua ya 6: Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja

Mazoezi manne yanatosha. Siku ya kwanza badilisha kamba tu. Ya pili, kamba pamoja na soksi au soli ya ndani. Ya tatu, ongeza mkao na kurudi nyuma kila dakika 5. Ya nne, fanya dakika zile zile kwenye mashine tofauti. Kila mara andika dakika iliyoanza. Ganzi iliyokuwa dakika ya 12 ikisogea hadi ya 20 uko njiani, hata kama haijaisha. Ukibadilisha vyote siku moja utapona bila kujua dawa ilikuwa ipi, na siku ukinunua kiatu kingine unaanza upya.

Kama bado ipo

Ganzi inayokuja dakika ile ile kila mara, bila kujali kiatu, ikitanguliwa na ugoko au shavu la mguu kukaza mpaka unaligonga kwa kidole na linatoa sauti ya ubao, ina jina lake: sindromu ya kompatimenti, yaani shinikizo ndani ya vyumba vya misuli. Misuli chini ya goti imefungwa katika vyumba vinne vya utando mgumu usiotanuka. Msuli unaofanya kazi huvimba, chumba hakivimbi, na shinikizo linaibana neva. Chumba cha mbele kikihusika, ganzi inatokea kati ya dole gumba na kidole cha pili, na vidole vinakuwa vizito kunyanyuka. Ukipumzika dakika 15 hadi 30 inaisha, kisha kesho inarudi pale pale. Kipimo chake ni sindano inayopima shinikizo ndani ya msuli kabla na baada ya kukimbia. Milimita 30 za zebaki au zaidi dakika moja baada ya zoezi ni moja ya viwango vinavyotumika. Ugoko uliokaza namna hiyo ukakataa kulegea hata umepumzika, na maumivu yakizidi, ni dharura.

Mgongo unajitambulisha kwa mkao. Mtu anayepata ganzi akitembea wima kwenye tredimili lakini anaendesha baiskeli nusu saa akiwa ameinama bila shida, huenda njia ya neva kiunoni imekuwa nyembamba, jambo la kawaida baada ya miaka 50. Anayezidiwa akiinama au akikohoa, diski, ile pedi iliyo kati ya pingili za mgongo, ndiyo ya kushukiwa.

Maumivu ya shavu la mguu yanayokuja na juhudi na kuisha ukisimama tu, bila hata kukaa, hasa kwa mvutaji wa sigara au mwenye kisukari, yanaweza kuwa mishipa ya damu iliyoziba. Wanapima presha ya kifundo cha mguu na kuigawa kwa presha ya mkono. Chini ya 0.90 si sawa.

Na wale wa ganzi ya soksi, miguu yote, usiku zaidi: pima sukari. Sukari ya kabla ya kula ya 7.0 mmol/L au zaidi, ikirudiwa na kubaki hivyo, ni kisukari. Mtumiaji wa miaka mingi wa metformin, dawa ya kisukari, aulize kuhusu vitamini B12, maana dawa hiyo inaweza kuipunguza. Anayemeza isoniazidi, ya kutibu au kukinga kifua kikuu, aulize kuhusu vitamini B6 ambayo hutolewa pamoja nayo kuzuia ganzi hii hii. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Pombe ya kila siku nayo inaua neva za miguu. Mwenye kisukari ambaye hahisi nyayo zake achague baiskeli kuliko tredimili, na avue soksi kukagua malengelenge baada ya kila zoezi kwa macho, si kwa kuhisi.

Siku ya kwenda kwa daktari, beba raba zile zile na ile orodha ya dakika kwenye simu. Mkiwa mmekaa ofisini mguu wako utaonekana mzima kabisa, kwa hiyo omba akupime mara baada ya kupanda na kushuka ngazi za hospitali, au baada ya dakika kumi kwenye tredimili ya wataalamu wa mazoezi tiba kama wanayo, ganzi ikiwa bado ipo.